Kabla Hujanunua Difu, Isikilize Barabara ya Mai Mahiu

Ndugu msomaji, ukitaka kujua jinsi gari linavyoweza kuivuruga familia, nenda kwenye nyumba yoyote ambayo kijana wake amenunua Subaru ya turbo. Jumamosi asubuhi, wenzake wakifua nguo na kupiga deki, yeye amelala chali chini ya gari. Mama anaita kwamba chai inapoa. Majirani wanne wamekwisha kusimama hapo mikono mifukoni, na kila mmoja ana hukumu yake.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta mpwa wangu katika mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Gari lake ni Impreza WRX iliyotumika kwanza Japani, yenye giaboksi ya mkono, na linavuta kwa magurudumu yote manne. Alilinunua kwa akiba ya miaka mitatu ya kazi yake ya kwanza, na analipenda kuliko chakula.

Kwa muda wa majuma mawili gari hilo lilikuwa na maradhi mawili. La kwanza ni mlio wa chini kwa chini, vuuu, unaoanza mwendo ukifika kilomita 60 kwa saa na kupanda kadiri unavyoongeza kasi. La pili lilikuwa la aibu zaidi. Ukiendesha saa nzima halafu ukakata usukani wote ili uegeshe, gari hushtuka na kurukaruka kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Makanika mmoja wa mtaani alikuwa amelizungusha mara moja tu akatangaza: difu ya nyuma imekufa, tafuta nyingine.

Pesa za kununulia difu zilikuwepo. Shida ni kwamba hazikuwa zake. Zilikuwa karo ya dada yake wa kidato cha tatu, ambazo mama yao, dada yangu, alikuwa amempa azilipe shule zikifunguliwa baada ya siku tisa.

"Mjomba, nitazirudisha mwisho wa mwezi," aliniambia bila kunitazama machoni.

Wewe na mimi, msomaji, tunajua safari ya pesa za aina hiyo. Hutoka kwa miguu miwili na kurudi kwa mmoja, kama zinarudi. Sikumkemea. Nilimwambia twende pamoja tukaione hiyo difu.

GROGAN YA WAZEE

Barabara ya Kirinyaga wazee bado huiita Grogan, jina lake la zamani. Ukiteremka kutoka katikati ya jiji kuelekea upande wa Mto Nairobi, pua itakujulisha kabla ya macho kwamba umefika: harufu ya oili, ya chuma kilichokatwa sasa hivi, ya raba iliyoungua. Injini zimepangwa kando ya mlango kama magunia ya viazi. Vijana wanabeba giaboksi begani na kupenya katikati ya watu wakipiga miluzi ili upishe njia. Hapa kila kitu cha gari kinapatikana, na mnunuzi asiyejua anachotafuta hapatikani na njaa ya kuuziwa.

Difu ilikuwa juu ya kaunta, imepanguswa ikang'aa. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu.

"Hii imetoka Japani moja kwa moja, mzee. Inaingia kabisa kwenye gari lenu."

Nilimwuliza uwiano wa meno yake ni ngapi. Alitabasamu akaiinua kidogo, kama anayenionyesha mtoto mchanga, akasema tena kwamba inaingia. Akaongeza kwamba kuna mteja mwingine anakuja saa nane, na yeye hawezi kuiweka.

Hapo ndipo nilipotoka nje nikampigia simu mzee mmoja wa Naivasha. Ni fundi aliyeshika spana katika mashindano ya Safari miaka ya tisini, na siku hizi ana gereji yake ya uani, isiyo na bango. Nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Msinunue kitu. Angalieni kama difu inavuja, na kama oili imo. Ikiwa iko sawa, njooni polepole kwa njia ya Mai Mahiu. Barabara hiyo itawapima gari bure. Mimi nitawaambia la kufanya kila mahali."

Nikaandika maagizo yake nyuma ya risiti. Kijana mmoja wa hapo alitufungulia kizibo cha juu cha difu yetu, akatia kidole, kikatoka kimelowa oili. Hakuna tone lililokuwa likivuja. Mpwa wangu aliitupia difu ya kaunta jicho la mwisho, kisha tukaingia barabara ya Waiyaki.

MSTARI WA GWARIDE

Kabla hatujafika mbali, hebu nikueleze difu ni kitu gani, maana watu wengi huilaumu bila kuifahamu.

Umewahi kuwatazama wanafunzi wakipiga gwaride na mstari wao ukipinda kona? Yule wa ndani hupiga hatua fupi, karibu anakanyaga mahali pamoja. Yule wa nje hulazimika kunyoosha miguu, la sivyo mstari unavunjika. Magurudumu ya gari ni hivyo hivyo. Kwenye kona gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Kama yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, moja lingeburuzwa. Difu ni zile gia zilizo katikati zinazoyaruhusu mawili hayo yazunguke kwa kasi tofauti huku yote yakiendelea kupokea nguvu ya injini.

Gari la kawaida lina difu moja. Gari kama la mpwa wangu lina tatu: moja mbele, moja nyuma, na ya tatu katikati, ndani ya giaboksi. Hiyo ya katikati ndiyo inayoyaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yahitilafiane. Ndani yake kuna kikombe kilichofungwa, chenye sahani nyembamba nyingi zinazoogelea katika mafuta mazito ya silikoni. Sahani za upande mmoja zikizunguka kuliko za upande wa pili, mafuta yale hupata joto na kukaza, na hivyo nguvu hupelekwa kwenye magurudumu yasiyoteleza. Ni akili kubwa matopeni. Lakini kikombe hicho kilitengenezwa kifanye kazi kwa vipindi. Kikilazimishwa kufanya kazi mfululizo, hupikika.

Mtindo huu wa kuvuta kwa minne ndio uliobadilisha sura ya mashindano yetu. Safari ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi washindi walikuwa magari ya kuvuta kwa magurudumu mawili. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda kwa Audi 200 quattro. Mwaka 1994 Mkenya mwenzetu Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Impreza. Tommi Mäkinen alishinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1996, Colin McRae akashinda kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Vijana wetu walikulia katika sifa hizo. Usishangae basi wakitoa akiba ya miaka mitatu.

KUTEREMKA BONDE LA UFA

Ukifika Rironi barabara hugawanyika. Ya juu huenda Limuru na Kimende, mahali pa baridi na kabichi. Ya chini hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, na ndiyo inayopendwa na malori ya mizigo yanayokwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Tulishika ya chini.

Agizo la kwanza lilikuwa la barabara iliyonyooka, kabla ya mteremko. Shika mwendo wa kilomita 80, sikiliza mlio. Kisha ondoa mguu kwenye mafuta bila kukanyaga klachi, sikiliza tena. Gia za difu zinapochoka huwa zinaimba kwa zamu. Zingine hulia wakati injini inavuta na kunyamaza ukiachilia mafuta, zingine hufanya kinyume chake, kwa sababu meno yanagusana upande mmoja unapovuta na upande mwingine unapoachilia. Sisi tuliachilia mafuta, na ule mlio wetu haukujali kamwe. Ukaendelea vuuu, vuuu, ukishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari.

"Andika," nilimwambia mpwa wangu, kisha nikakumbuka kwamba ndiye dereva. Nikaandika mwenyewe.

Agizo la pili lilikuwa la kutoa gia kidogo na kuliacha gari lijiendee, ili kuona kama injini au giaboksi ndiyo inayolia. Hilo tulilifanya mahali tambarare, nyuma yetu pakiwa hapana mtu. Nakuonya, msomaji: usilifanye kwenye mteremko hata kwa sekunde. Kuteremka ukingo wa Bonde bila gia ni kujitafutia kaburi. Mlio ukabaki vile vile. Injini ikawa haina hatia.

Kisha ukingo ukafunguka. Hata ukiupita mara mia, bado utanyamaza. Upande wa kushoto ardhi inakatika, na bonde linalala huko chini likiwa na rangi ya majani makavu. Mlima Suswa umelala kule mbali, na mbele Longonot imesimama na mdomo wake uliokatwa, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Wauzaji wamepanga kofia na ngozi za kondoo kando ya barabara. Malori yanashuka kwa gia ndogo yakinguruma, na harufu ya breki inaingia kwa dirisha.

Agizo la tatu lilikuwa la kona hizo. Kila kona ya kulia uzito wa gari huegemea magurudumu ya kushoto, na kila kona ya kushoto huegemea ya kulia. Beringi ya gurudumu iliyochoka hulia zaidi inapobebeshwa uzito. Difu haijali kona kwa namna hiyo.

Tukateremka tumenyamaza. Kona ya kushoto, mlio ukapungua. Kona ya kulia, mlio ukapanda, vuuuuu, kutoka nyuma. Kona ya kushoto, ukapungua tena. Mpwa wangu alinitupia jicho.

"Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia. Angalia barabara."

Chini kabisa, kabla ya Mai Mahiu, kuna kanisa dogo la mawe kando ya barabara. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Italia waliokuwa wakiitengeneza barabara hii. Ni dogo kiasi kwamba lori linaweza kulificha. Tulisimama hapo gari lipumue. Nilimwambia kijana kwamba watu waliotekwa, walio mbali na kwao, walipata subira ya kupanga jiwe juu ya jiwe, na sisi hatukuwa na subira ya kusikiliza gari kwa saa moja kabla ya kuichukua karo ya mtoto. Hakujibu. Alikuwa akiikagua difu kwa mkono kuona kama imechemka. Ilikuwa vuguvugu tu.

UWANJA WA MZEE

Naivasha iko karibu kilomita 90 kutoka Nairobi, na mwaka 2021 Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, huko ndiko mafundi wa timu walikoweka kambi. Watu wengi hufika mji huu kwa ajili ya samaki, viboko wa ziwani na mashamba ya maua. Sisi tuliingia uani nyuma ya maduka, mahali ambapo mzee alikuwa ameketi juu ya debe akinywa chai.

"Shikamoo, mzee," mpwa wangu aliamkia.

"Marahaba, kijana. Usizime injini. Gari bado lina moto, na huo ndio ninaoutaka."

Alituongoza hadi kwenye kiwanja cha lami. Akamwambia kijana akate usukani wote upande mmoja, atie gia ya kwanza, aendeshe duara polepole kama mtu anayetembea. Gari likaanza lile ruko lake. Gu, gu, gu. Magurudumu yaliburuzwa yakalia kwenye lami.

"Sasa rudi uani ufanye vivyo hivyo kwenye vumbi."

Kwenye vumbi gari lilizunguka kwa upole kama halina dhambi. Mzee akacheka. "Vumbi huficha ugonjwa huu, lami huufichua. Kwenye vumbi gurudumu likikazwa hupata pa kuteleza. Ndiyo maana huwezi kulipima gari hili kwenye njia ya shamba ukasema ni zima. Na asubuhi likiwa baridi, linaruka?"

"La, mzee. Mpaka litembee muda mrefu."

"Basi kuna kitu kinachokazwa na joto. Gia za nyuma hazikazwi na joto."

Akaliinua gurudumu la nyuma la kushoto kwa jeki, akaweka jiwe kwenye magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa. Hapa shika neno hili sana, msomaji. Gari linalovuta kwa minne usiliinue gurudumu moja au mawili halafu ukatia gia na kukanyaga mafuta. Magurudumu yaliyo chini bado yana nguvu, na gari litaruka kutoka kwenye jeki likukute hapo ulipo.

Mzee alishika springi kwa mkono mmoja, akazungusha gurudumu kwa mkono wa pili. Kisha akauchukua mkono wa kijana akauweka kwenye springi hiyo hiyo. "Unahisi nini?"

"Kama mchanga, mzee. Kama kitu kinasaga."

"Hiyo ni beringi. Mlio wako ndio huo."

Baada ya hapo akaigeukia difu yenyewe. Alifungua kizibo cha juu kwanza, cha kujazia, ndipo akafungua cha chini cha kumwagia. Siku moja, alisema, mtu alimwaga oili kwanza, kisha kizibo cha juu kikakataa kufunguka, gari likalala hapo bila oili siku tatu. Oili ya difu ya nyuma haifiki hata lita moja, kwa hiyo ikipungua kidogo tu ni hasara kubwa. Akaipaka kwenye vidole, akainusa. Haikuwa na harufu ya kuungua. Kwenye sumaku ya kizibo palikuwa na utando wa kijivu, laini kama uji wa wimbi.

"Utando kama huu ni uzee wa kawaida," alisema. "Ningepata vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha, au vijiti vya chuma, ningekuambia urudi Grogan leo hii." Akaitikisa propela, akazikagua bushi zinazoishikilia difu, kwa sababu bushi zikichanika hutoa mgongo wa ngo kila unapoondoka, na watu hununua difu nzima kwa kosa la kipande cha raba. Bushi zilikuwa nzima.

UTEPE WA FUNDI CHEREHANI

Kilichobaki kilikuwa ule mruko. Mzee aliliangalia gari mbele, akaliangalia nyuma. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu, hata mimi, aliyekuwa ameuliza.

"Matairi haya ya mbele ulinunua lini?"

Mpwa wangu alijikuna kisogo. "Mwezi uliopita, mzee. Nilikuwa na pesa za mawili tu."

Mzee hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na utepe wa kupimia, ule ule wa fundi cherehani. Akauzungusha kwenye tairi la mbele, akasoma. Akauzungusha kwenye la nyuma, akasoma. La mbele lilimzidi mwenzake kwa sentimita tatu.

Sikiliza hesabu hii, mwanafunzi. Tairi likilika milimita 5 za meno yake, mzunguko wake hupungua zaidi ya sentimita 3. Tairi la gari kama hili lina mzunguko wa karibu mita 2. Basi kila kilomita moja matairi madogo ya nyuma huzunguka karibu mara nane zaidi ya yale ya mbele. Toka Nairobi hadi Naivasha ni karibu mara mia saba, hata barabara ikiwa imenyooka kama rula. Mahitilafiano hayo yote yanabebwa na kile kikombe cha katikati. Hakipumziki. Kinapata joto, kinakaza, na unapofika kuegesha kinakuwa kimeyafunga magurudumu ya mbele na ya nyuma kama chuma kimoja. Ndipo gari linaporuka. Watengenezaji wa Subaru wenyewe hushauri tofauti ya mzunguko isizidi robo ya inchi, yaani milimita 6 hivi. Yetu ilikuwa milimita 30.

Kwa hiyo difu ya nyuma iliyohukumiwa kifo Umoja ilikuwa imesingiziwa na mashahidi wawili. Mmoja ni beringi ya shilingi kidogo, na wa pili ni matairi mapya yaliyonunuliwa kwa nia njema.

KUINGIA SI KUOANA

Nilimweleza mzee habari ya difu ya kaunta. Alitikisa kichwa. Difu ya nyuma, alisema, ina pinyoni ndogo na gia kubwa, na idadi ya meno ndiyo inayoamua uwiano. Yenye meno 37 kwa 9 ni 4.11. Yenye 40 kwa 9 ni 4.44. Yenye 39 kwa 10 ni 3.90. Kwa nje zinaweza kufanana kama mapacha, na bolti zikaingia zote. Lakini kila giaboksi mtengenezaji ameipangia difu yake. Ukifunga nyingine, mbele na nyuma yatavutana usiku na mchana, vibaya kuliko ilivyokuwa kwa matairi yetu, mpaka difu ya katikati isagike.

"Kuingia si kuoana, kijana," alisema. "Ukienda kununua, chukua chokaa. Tia alama, zungusha pande mbili za kutolea kwa pamoja mzunguko mmoja kamili, uhesabu pinyoni imezunguka mara ngapi. Mara nne na kidogo, au karibu nne kasoro, au nne na nusu kasoro. Kisha ulinganishe na ya gari lako."

Alitukumbusha pia kwamba si kila gari la jamii hii lina viungo sawa. Subaru nyingi za otomatiki za miaka ya tisini hazina kikombe hicho cha silikoni bali zina klachi ndani ya giaboksi. Kwa hizo, chini ya boneti kuna mahali pa fyuzi palipoandikwa FWD. Ukitia fyuzi hapo, magurudumu ya nyuma huachiliwa. Mruko ukitoweka, anza na matairi na umeme kabla ya kufungua chuma. Ukibaki, klachi hizo zimeganda au valvu inayoziendesha ina kasoro. Nazo Lancer Evolution nyingi tangu ya nne zina difu ya nyuma inayoendeshwa na pampu ya mafuta, na taa za dashibodi zikiwaka, pampu na nyaya ndizo za kuangaliwa kwanza. Dawa ya Subaru usimnyweshe Lancer.

Jioni ile beringi ilibadilishwa pale pale uani. Tulilala kwa nyanya yake, mama yangu, na Jumapili tukarudi Nairobi bila ule mlio. Jumatatu mpwa wangu alitoa yale matairi mawili ya zamani aliyokuwa ameyaweka kwenye roshani. Hayakuwa vipara bado. Tuliyapima kwa utepe wa mama yake, yakalingana na ya nyuma. Akayarudisha mbele, akayaweka mapya kando mpaka apate wenzao wawili.

Nisikudanganye kwamba gari limepona kabisa. Baada ya safari ndefu bado linakaza kidogo kwenye kona ya kuegesha, ingawa haliruki. Mzee alipoambiwa kwa simu alisema mafuta yale ya silikoni yalikwisha kupikwa kiasi: hayatarudi yalivyokuwa, lakini hayajafa. Aendeshe kwa adabu, na aweke akiba. Gharama hiyo itakuja siku yake, na itakuja kwa mwenyewe, si kwa dada yake.

Basi wewe msomaji, gari lako la kuvuta kwa minne likilia, usikimbilie kaunta. Uliza mlio huja lini: ukivuta au ukiachilia, kona ya kulia au ya kushoto, asubuhi au baada ya safari. Pima matairi yote manne kwa utepe. Fungua kizibo cha juu kabla ya cha chini, uitazame oili. Kazi hizo nne hazimalizi asubuhi moja, na gharama yake ni ndogo kuliko nauli.

Siku ya kufungua shule, Impreza ndiyo iliyompeleka msichana, na sanduku lake, ndoo na godoro lililokunjwa kwenye kiti cha nyuma. Mimi nilikaa mbele. Tulipopita kilomita 80 kwa saa, nilimwona mpwa wangu akiinamisha kichwa kidogo kusikiliza. Dada yake akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu," alimjibu. "Risiti ya karo umeiweka wapi?"

"Kwenye sanduku," alisema, "na nakala nimempa mama."